Mikasi Miwili: Sikkim na Waliosimulia Mwisho Wake

Mwaka 1971 Satyajit Ray, mtengenezaji filamu mashuhuri wa Bengali, alikamilisha filamu ya takriban saa moja kuhusu Sikkim, ufalme mdogo uliobanwa katika milima ya Himalaya baina ya Nepal, Tibet, Bhutan na India. Aliyemwagiza kuitengeneza alikuwa mfalme mwenyewe, Chogyal Palden Thondup Namgyal. Filamu hiyo ilipitiwa na mikasi miwili. Mkasi wa kwanza ulikuwa wa mwenyeji. Mfalme hakupendezwa na baadhi ya picha, na inasimuliwa kwamba miongoni mwa zilizomchukiza ni ile iliyowaonyesha maskini wakigombea mabaki ya chakula nyuma ya jumba, hali wageni wakila karamu. Ray alilazimika kukata. Mkasi wa pili ulikuwa wa dola, nao haukukata kipande, ulikata yote. Baada ya Sikkim kuingizwa ndani ya India mwaka 1975, serikali ya India iliipiga filamu marufuku, kwa kuwa ilimwonyesha mfalme akiwa mfalme na nchi ikiwa nchi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2010, miaka 18 baada ya Ray kufariki dunia.

Mkasi wa kwanza ulimwondoa maskini ili mfalme apendeze. Mkasi wa pili ulimwondoa mfalme ili dola isiulizwe. Hapo ndipo penye ufunguo wa kusomea maandishi yote yaliyoandikwa juu ya mwisho wa ufalme ule, kwani maandishi hayo si machache, wala hayakuandikwa na watu wasiojua. Wameandika malkia, waandishi wa habari, watawala na hata jasusi. Wahenga walisema msema pweke hushinda. Kisa cha Sikkim kina wasema pweke wengi, kila mmoja katika chumba chake, na kila mmoja ameshinda humo chumbani. Ambaye hakupewa chumba ni mkulima wa matuta ya mpunga na iliki, ambaye kura yake ndiyo iliyotajwa na wote kuwa sababu, ama ya kufurahi, ama ya kulia.

Nchi yenye majina matatu

Sikkim si nchi ya ukubwa wa kutisha. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 7,096, na katika miaka ya 1970 wakazi wake walikuwa kiasi cha laki mbili. Juu yake umesimama mlima Kangchenjunga wenye kimo cha mita 8,586, wa tatu kwa urefu duniani, ambao wenyeji huutazama kuwa mlinzi na shahidi wa nchi. Lakini udogo huo umebeba majina matatu, na majina hayo ni historia tosha kwa mwenye kujua kusikiliza. Walepcha, walio wakazi wa kale zaidi, huiita Nye Mayel Lyang, nchi iliyositirika mithili ya pepo. Wabhutia, waliotoka Tibet, waliiita Denzong, bonde la mpunga. Na jina Sikkim lenyewe aghalabu hunasibishwa na lugha ya Walimbu, ambamo maana yake ni nyumba mpya. Basi kwa mmoja ni pepo, kwa mwingine ni shamba, na kwa wa tatu ni nyumba. Asiyelizingatia hili hataelewa kwa nini mwaka 1975 watu wa nchi moja walilia na kucheka siku moja.

Masimulizi ya kale yanasema kwamba mzee wa Kilepcha na mkuu wa Kibhutia walikutana mahali paitwapo Kabi, wakala kiapo cha undugu wa kuchanjiana, mlima ukiwa shahidi. Baadaye, mwaka 1642, malama watatu walimtawaza Phuntsog Namgyal pale Yuksom kuwa Chogyal wa kwanza, yaani mfalme atawalaye kwa sheria ya dini. Ukoo wake ulitawala kwa zaidi ya miaka 330. Katika muda huo nchi ilimegwa kila upande. Magurkha wa Nepal waliivamia mwishoni mwa karne ya 18. Waingereza, waliokuja kwa sura ya wasuluhishi kwa mkataba wa Titalia wa mwaka 1817, walichukua Darjeeling mwaka 1835, wakachukua mabonde ya kusini mwaka 1850, na kwa mkataba wa Tumlong wa mwaka 1861 wakaifanya nchi yote kuwa chini ya ulinzi wao.

Mwezi wa Machi mwaka 1890 Uingereza na Uchina zilitiliana saini mkataba uliothibitisha himaya ya Uingereza juu ya Sikkim. Msomaji wa visiwani hatahitaji kukumbushwa kwamba mwezi wa Julai mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba mwingine, ambao kwao Zanzibar ilitambuliwa kuwa katika himaya hiyohiyo. Katika mikataba yote miwili, wenye nchi hawakuwa miongoni mwa waliotia saini.

Ni wakati huo ambapo John Claude White, afisa wa kwanza wa siasa wa Kiingereza katika Sikkim, alipohimiza wakulima wa Kinepali kuhamia kwa wingi, walime na walipe kodi. Walikuja, wakachonga milima kuwa matuta, wakazaa na kuzikana huko. Kufikia katikati ya karne ya 20 wasemao Kinepali walikuwa takriban robo tatu ya watu wote. Hao ndio walioijenga nchi kwa mikono, na hao ndio ambao tarihi ya nchi haikujua iwaweke wapi.

Tarihi ya jumbani

Kitabu cha kwanza kinachostahili kutajwa ni kile kiitwacho History of Sikkim, kilichotungwa mwaka 1908 na Chogyal Thutob Namgyal pamoja na mkewe, malkia Yeshe Dolma, kisha kikafasiriwa kwa Kiingereza na Kazi Dawa Samdup. Walioandika walikuwa watu waliowahi kuwekwa kizuizini na Waingereza katika miaka ya 1890. Hali hiyo inaonekana katika kila ukurasa. Nasaba zinafuatana, miujiza ya malama inafuatana, mipaka inatajwa kwa majina ya mito na majabali. Asomaye kwa haraka ataona ni orodha ya wafalme. Asomaye kwa makini ataona ni hati ya umiliki, imeandikwa na mtu anayehisi kwamba kesho ataulizwa, "Una ushahidi gani kuwa nyumba ni yako?"

Kama kazi ya sanaa, tarihi hiyo ina uzito wa maombi na utulivu wa mtu asiyetaka kupaza sauti mbele ya mgeni mwenye nguvu. Kasoro yake ni ile ya kila tarihi ya jumbani: mkulima humo ni idadi ya kodi. Lakini ina sifa moja ambayo vitabu vilivyokuja baadaye havina. Iliandikwa kabla ya kifo, kwa hiyo haikujua mwisho wake. Vitabu vyote vilivyofuata vimeandikwa vikiutazama mwisho, na kwa sababu hiyo kila tukio la zamani humo limegeuzwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Mwisho wenyewe, kwa muhtasari, ulikuwa hivi. Waingereza walipoondoka mwaka 1947, India ilirithi nafasi yao, na mkataba wa Desemba 1950 uliipa mamlaka juu ya ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano ya Sikkim. Ndani ya nchi, chama cha State Congress kilichoundwa mwaka 1947 kilidai mambo matatu: ukabaila wa ardhi ufutwe, iundwe serikali ya kuwakilisha watu, na Sikkim ijiunge na India. Mwaka 1949 serikali ya watu iliundwa, ikadumu siku 29 tu, kisha ikavunjwa na afisa wa India mwenyewe. Tangu miaka ya 1950 viti vya baraza viligawanywa sawa baina ya Wabhutia na Walepcha kwa upande mmoja, na Wanepali kwa upande wa pili, ingawa hao wa pili walikuwa wengi mara tatu.

Ghadhabu iliyokusanyika ilipasuka mwaka 1973, baada ya uchaguzi wa Januari uliodaiwa kuwa na udanganyifu. Mwezi wa Aprili, wakati wa sherehe ya mfalme kutimiza miaka 50, maandamano yaliifunika nchi. India iliingia kuleta amani, na kwa mapatano ya tarehe 8 Mei 1973 ikaweka mkuu wa utawala wake. Katika uchaguzi wa Aprili 1974 chama cha Lhendup Dorji kilipata viti 31 kati ya 32. Tarehe 9 Aprili 1975 majeshi ya India yaliwapokonya silaha walinzi wa jumba la Gangtok, na mlinzi mmoja kijana akauawa langoni. Siku ya pili baraza lilipitisha azimio, na tarehe 14 Aprili wananchi walipiga kura ya maoni. Waliokubali walikuwa 59,637, waliokataa 1,496. Tarehe 16 Mei 1975 Sikkim ikawa jimbo la 22 la India.

Majina ya vitabu na bahari zake

Mpenda ushairi anajua kwamba bahari anayoichagua mshairi huamua nusu ya maneno yake kabla hajaandika neno la kwanza. Utendi hauwezi kulia kama maombolezo, wala wimbo wa harusi hauwezi kuhukumu. Waliosimulia mwisho wa Sikkim walichagua bahari zao katika majina ya vitabu, na majina hayo yanatosha kuwafichua.

B. S. Das, mtawala aliyepelekwa na India mwaka 1973 kuushika usukani wa serikali, alikiita kitabu chake cha mwaka 1983 The Sikkim Saga, yaani aliuchagua utendi. Sunanda K. Datta-Ray, mwandishi wa habari na rafiki wa mfalme, alitoa mwaka 1984 Smash and Grab, msemo wa Kiingereza unaomhusu mwizi avunjaye kioo cha duka, akabeba na kukimbia. Nari Rustomji, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Sikkim katika miaka ya 1950, alikiita chake cha mwaka 1987 tanzia ya Himalaya. Andrew Duff wa Uskoti, mwaka 2015, alikiita requiem, ibada ya kumwombea maiti, ambayo kwa watu wa pwani iliyo karibu nayo ni hitima. Na G. B. S. Sidhu, afisa wa idara ya ujasusi ya India aliyekuwa Gangtok katika miaka ileile, alikiita chake cha mwaka 2018 alfajiri ya demokrasia. Maiti mmoja, basi, amezikwa kwa utendi, kwa mashtaka, kwa tanzia na kwa hitima, na mwisho akaja mtu kusema hapakuwa na maiti, palikuwa na mtoto aliyezaliwa.

Kati ya hivi, kile cha Datta-Ray ndicho chenye moto. Lugha yake ni ya wakili aliyemjua marehemu. Anaorodhesha ahadi zilizovunjwa, barua zisizojibiwa, maafisa waliotabasamu mchana na kupanga usiku. Hasira yake ni ya kweli, na ni mojawapo ya vitabu vichache ambavyo mwandishi wa taifa kubwa amelishtaki taifa lake mwenyewe kwa ajili ya jirani mdogo. Ujasiri huo haufutiki, na kuchapishwa kwake tena mwaka 2013 kulithibitisha kwamba haukuchakaa. Lakini mashtaka yanahitaji mtuhumiwa na mdhulumiwa, na Datta-Ray ana mdhulumiwa mmoja tu, naye amevaa taji. Waandamanaji wa mwaka 1973 katika kitabu hicho ni watu waliokodiwa, waliosukumwa au waliodanganywa. Yamkini wako waliokodiwa. Lakini mtu hulipwa kuandamana siku moja. Halipwi kuona kwamba kodi ya shamba lake ni kubwa kuliko ya jirani yake kwa sababu tu babu yake alitoka Nepal. Hilo alilijua bila ya kulipwa.

Kitabu cha Sidhu kinakikamilisha kile cha Datta-Ray kwa namna ambayo waandishi wote wawili hawakuikusudia. Miaka zaidi ya 30 jambo lililosemwa na mshtaki lilihesabiwa kuwa uvumi: kwamba idara ya ujasusi ya India ilikuwa na mkono katika harakati zilizomwangusha mfalme. Sidhu analikiri kwa utulivu wa mtu anayesimulia kazi aliyoifanya vyema. Anaeleza jinsi idara yake ilivyoshirikiana na wapinzani wa mfalme na kuwatia nguvu, na haoni aibu, kwa kuwa katika hesabu yake walio wengi walikuwa wamenyimwa haki na idara iliwasaidia tu kuipata. Hapo msomaji hupata swali ambalo kitabu hakilijibu. Ikiwa alfajiri ilikuwa inakuja yenyewe, kulikuwa na haja gani ya jogoo wa kukodi? Na ikiwa Delhi iliipenda demokrasia ya Sikkim kiasi hicho, kwa nini iliivunja mwaka 1949 ilipokuwa na umri wa siku 29? Mfululizo wa matukio unaonyesha kwamba India ilisimama na jumba ilipolihitaji jumba, na ikasimama na barabara ilipoihitaji barabara, hasa baada ya vita vyake na Uchina vya mwaka 1962 na mapigano ya mwaka 1967 pale Nathu La, mpakani mwa Sikkim yenyewe. Demokrasia ilikuwa farasi mzuri, lakini safari ilikuwa ya mpaka.

Duff ndiye mwenye mizani bora. Alifuata njia aliyoipita babu yake mwaka 1922, kisha akapata hazina ambayo wengine hawakuwa nayo: barua za walimu wakuu wawili wa Kiskoti, Martha Hamilton na Isabel Ritchie, walioongoza shule ya wasichana ya Gangtok kwa kupokezana na kuandika nyumbani mara kwa mara. Barua hizo haziamui kesi. Zinaonyesha hali ya hewa ya mji, bei ya uvumi, nani alialikwa jumbani na nani hakualikwa. Kwa mintarafu ya ukweli, mwalimu asiye na cheo cha kutetea mara nyingi ni shahidi bora kuliko balozi. Hata hivyo, hitima ni hitima. Humsema marehemu kwa mema, na waliobaki hai hukaa pembeni wakigawa ubani.

Malkia na mwenzake wa Kalimpong

Hope Cooke, binti wa Kimarekani aliyekutana na mrithi wa ufalme katika hoteli moja ya Darjeeling mwaka 1959 na kuolewa naye mwaka 1963, alichapisha kumbukumbu zake, Time Change, mwaka 1980, mwaka uleule waliotalikiana. Magazeti ya nchi yake yalikuwa yamemfanya hadithi ya watoto. Kitabu chake kinaivunja hadithi hiyo kwa uaminifu ambao haukutarajiwa. Anaanza na uyatima, mama aliyekufa katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe, bibi na babu, walezi wa kulipwa. Baada ya hapo msomaji anaelewa kwa nini alilikumbatia jumba la Gangtok: mtoto asiye na nyumba alikuwa amepata nchi ambayo jina lake maana yake ni nyumba mpya. Alivaa nguo za Kisikkim, alijifunza kunong'ona, alihimiza ufumaji na utengenezaji wa zulia. Mwaka 1966 aliandika makala katika jarida la taasisi ya elimu ya Kitibeti ya Gangtok akihoji haki ya kutwaliwa kwa Darjeeling, na India haikumsamehe.

Uzuri wa kitabu hicho uko katika kukiri. Anakiri upweke, wivu, na kwamba alipoondoka mwaka 1973 aliondoka akiwa mtu aliyeshindwa. Udhaifu wake ni kwamba jumba lina madirisha yake, na yeye aliiona nchi kupitia humo. Wananchi wengi humo ni watumishi, wafumaji na watoto wa shule. Wanapoanza kupiga kelele nje ya lango, msomaji hushtuka pamoja na malkia, kwa kuwa wote wawili hawakuwahi kuwasikia wakisema kabla.

Upande wa pili wa mto, Kalimpong, aliishi mwanamke mwingine wa kutoka mbali, Elisa Maria Langford-Rae, mke wa Lhendup Dorji, mwenye ulimi mkali na kalamu kali zaidi. Ieleweke kwamba Kazi, jina ambalo kwalo Dorji alijulikana, ni cheo cha kikabaila katika nchi ile, wala halihusiani na neno la Kiswahili la sura hiyo. Vitabu karibu vyote vimeshindwa kuukwepa mvuto wa wanawake hawa wawili, mmoja akitaka kuwa mama wa taifa na mwingine akitaka kuwa mke wa mkombozi wake. Ni simulizi tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Humfanya msomaji adhani kwamba nchi ilipotea kwa ugomvi wa wake wenza wa siasa. Mizozo ya ardhi, ya kodi na ya hesabu ya viti haina sura nzuri ya kupigwa picha, kwa hiyo hupewa aya moja, kisha msimulizi akarudi kwenye chai ya Kalimpong.

Sentensi moja na visanduku viwili

Katika maandishi yote ya Sikkim, lililo fupi kuliko yote ndilo linalostahili kusomwa kama shairi linavyosomwa, neno kwa neno. Ni pendekezo lililowekwa mbele ya wapiga kura tarehe 14 Aprili 1975. Halikuwa na mambo mengi. Lilisema kwamba cheo cha Chogyal kimefutwa, na kwamba Sikkim tangu hapo itakuwa sehemu ya India. Mpiga kura alitakiwa aseme anakubali au anakataa.

Uzito wote umo katika kiunganishi "na". Mambo mawili yalifungwa kwa kamba moja. Mkulima aliyechoshwa na mfalme lakini akataka nchi yake ibaki hakuwa na kisanduku. Aliyetaka kujiunga na India lakini akamhurumia mfalme hakuwa na kisanduku. Azimio lilipitishwa tarehe 10, kura ikapigwa tarehe 14, katika nchi ambayo vijiji vyake vingi vilifikiwa kwa miguu tu. Siku nne hazitoshi hata kulieneza swali, seuze kulijadili. Mshairi anajua kwamba mizani mibovu huharibu maana njema, na hapa mizani iliharibiwa kwa makusudi.

Lakini haki inadai neno la pili. Wale 59,637 hawakuwa kivuli. Haiwezekani kulisoma swali kwa makini kisha kuwafuta waliolijibu. Wengi wao walikuwa wakisubiri tangu mwaka 1947 mtu awaulize jambo lolote. Walipoulizwa, waliulizwa vibaya, nao wakajibu lile sehemu ya swali waliloielewa: hawamtaki tena bwana wa zamani. Wanaolia kwamba nchi iliporwa hulisoma jibu kama kwamba ni la nusu ya pili ya sentensi peke yake. Wanaoshangilia kwamba watu walikombolewa hulisoma kama kwamba nusu zote mbili zilikuwa moja. Wote wawili wameshika mkasi.

Ushahidi wa hili hautoki kwa mhakiki, unatoka kwa wapiga kura wenyewe. Mwaka 1979 walipopata nafasi ya kusema tena, chama cha Lhendup Dorji, mtu wa viti 31 kati ya 32, hakikupata hata kiti kimoja. Walimwita muuza nchi. Aliyeshika uwaziri mkuu alikuwa Nar Bahadur Bhandari, aliyepinga muungano. Bhandari hakuwa mtu wa jumbani, alikuwa msemaji wa Kinepali. Huyo ni ushahidi kwamba kumkataa mfalme na kuitaka nchi vilikuwa vikikaa katika kifua kimoja. Ni ajabu jinsi vitabu vinavyoupita mwaka 1979 mbiombio. Utendi ulikuwa umekwisha, maiti ameshazikwa, alfajiri imeshapambazuka. Hakuna bahari yoyote iliyochaguliwa iliyokuwa na ubeti wa kuwapokea watu hao walioghairi.

Waliobaki

Wakubwa wa kisa hiki walikwenda zao kila mmoja kwa njia yake. Palden Thondup Namgyal alimzika mwanawe mkubwa, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1978, naye mwenyewe akafariki New York mwezi wa Januari 1982 kwa saratani. Mwaka huohuo wa 1978 waziri mkuu wa India, Morarji Desai, alikuwa amekiri hadharani kwamba kutwaliwa kwa Sikkim hakukuwa jambo jema, akaongeza kwamba hawezi kulitengua. Lhendup Dorji aliishi zaidi ya miaka 100, akafa mwaka 2007, baada ya kulalamika uzeeni kwamba Delhi ilimsahau. India ilikuwa imemtunuku nishani mwaka 2002. Nishani ni njia mojawapo ya kusahau.

Wakulima walibaki. Lugha yao ya Kinepali iliingizwa mwaka 1992 katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Pawan Kumar Chamling, aliyetawala jimbo hilo tangu mwaka 1994 hadi 2019, ni mtoto wa jamii hizo za Kinepali, naye ni mshairi katika lugha hiyo. Kwa mpenda ushairi hilo si jambo dogo, kwani kalamu iliyokosekana katika vitabu vyote vilivyotajwa haikuwa haipo, ila iliandika kwa lugha ambayo wasimulizi wa Kiingereza hawakuona haja ya kuisoma. Kitabu kinachosubiriwa juu ya mwisho wa Sikkim hakitatoka tena katika majalada ya Delhi wala katika masanduku ya jumba. Kitatoka kwa mjukuu wa aliyepiga kura, akisimulia babu yake alielewa nini siku ile alipokishika kile kikaratasi.

Hadi kitakapopatikana, filamu ya Ray inabaki kuwa kazi iliyo karibu zaidi na haki, pamoja na mikasi yake yote. Hata ilipofunguliwa mwaka 2010 na kuonyeshwa Kolkata, mahakama ya Sikkim ilizuia isiendelee kuonyeshwa kwa mgogoro wa hakimiliki, kana kwamba imeandikiwa kutokuonekana. Ray aliwahi kuueleza mwanzo wake. Mabehewa mawili ya kamba yanasogeleana juu ya bonde, na kabla hayajakutana, kamera inahamia kwenye waya wa simu wakati wa mvua, ambapo matone mawili yanateremka kuelekeana. Mwisho wake ni watoto wakicheka, wakivuta sigara na kuimba. Mfalme amo humo filamuni, na sherehe zake zimo. Lakini aliyefungua kwa mvua na kufunga kwa watoto alijua nchi ni ya nani. Mkasi wa mfalme ulimkosa mtoto mwenye sigara. Mkasi wa dola ulimficha kwa miaka 35, naye alipotolewa alikuwa bado anacheka.